Andrew Carnegie: Tajiri wa chuma aliyejua kuwakabidhi wengine kazi

KINACHOVIKWAMISHA vikundi vingi vya wakulima na biashara ndogo ndogo si ukosefu wa mtaji peke yake, kama wengi wanavyodhani. Lipo tatizo jingine lisilozungumzwa sana, nalo ni kiongozi kushika kila kitu mwenyewe. Mwenyekiti ndiye mwenye ufunguo wa ghala, ndiye anayepima mazao, ndiye anayekwenda benki na ndiye anayemtafuta mnunuzi. Siku akiugua malaria, kazi yote inalala.

Kwa upande wa pili wapo wanaokabidhi kila kitu kwa msimamizi wa shamba au kijana wa dukani, kisha wanaondoka. Hawaulizi, hawakagui, wala hawaachi maelekezo. Wanaporudi baada ya msimu hawakuti fedha wala hesabu, na kinachofuata ni ugomvi, mara nyingi kati ya ndugu.

Kati ya ncha hizo mbili ndipo ulipo ustadi wa kukasimu kazi, yaani kumpa mwingine jukumu pamoja na madaraka ya kulitekeleza, huku wewe ukibaki na dhamana ya matokeo. Mtu ambaye maisha yake yanatuonyesha faida ya ustadi huo, na pia hasara ya kuutumia vibaya, ni Andrew Carnegie, tajiri wa chuma wa Marekani aliyefariki dunia mwaka 1919.

Carnegie hakuwa fundi wa chuma. Hakuishi karibu na viwanda vyake kwa zaidi ya miaka 30, na karibu kila mwaka alikaa miezi kadhaa ng'ambo. Hata hivyo, kampuni yake iliongoza katika uzalishaji wa chuma cha pua nchini Marekani. Alifanyaje? Na kwa nini mwaka 1892 utaratibu huo huo ulimletea fedheha iliyomfuata hadi kaburini?

Mtoto wa mfumaji

Alizaliwa Novemba 25, 1835 katika mji wa Dunfermline, Uskochi. Baba yake, William, alikuwa mfumaji wa vitambaa vya kitani kwa mkono. Mitambo ya mvuke ilipoingia, kazi ya wafumaji wa mkono ilikufa na familia ikaanza kuishi kwa shida. Mama yake, Margaret, ndiye aliyeishikilia nyumba. Alifungua kiduka kidogo, na usiku alishona viatu.

Mwaka 1848 familia hiyo ilikopa paundi 20 ili kukamilisha nauli, ikapanda meli kwenda Marekani. Walifikia Allegheny, mji uliokuwa jirani na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, ambako walikuwa na ndugu. Andrew alikuwa na miaka 12, na mdogo wake Tom hakuwa amefikisha hata sita.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa katika kiwanda cha pamba, akibadilisha vijiti vya nyuzi kwenye mitambo kuanzia alfajiri hadi usiku kwa ujira wa dola 1.20 kwa wiki. Baadaye alipelekwa kuhudumia boila, kazi iliyomtia hofu kiasi cha kumnyima usingizi. Mwaka 1849 alipata nafasi ya kusambaza ujumbe wa simu za maandishi mjini Pittsburgh kwa dola 2.50 kwa wiki.

Hapo ndipo alipoanza kuonekana. Alijifunza majina ya mitaa na sura za wafanyabiashara ili asipoteze muda kuwatafuta. Aidha, alijifunza kupokea ujumbe wa simu kwa kusikiliza milio ya mashine tu, jambo ambalo wakati ule waliliweza wachache.

Asubuhi ya ajali

Mwaka 1853, Thomas Scott, msimamizi wa Kampuni ya Reli ya Pennsylvania mjini Pittsburgh, alimwajiri kijana huyo kuwa karani na mpiga simu wake kwa dola 35 kwa mwezi. Scott ndiye aliyemfundisha Carnegie somo la kwanza la kukasimu kazi, ingawa hapakuwa na darasa wala semina.

Asubuhi moja Carnegie alifika ofisini akakuta ajali imevuruga safari zote. Reli ilikuwa ya njia moja, hivyo treni za abiria zilikuwa zikisogea kwa kusuasua na za mizigo zimesimama kwenye njia za pembeni. Scott alikuwa hajafika, na yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mamlaka ya kutoa amri za treni. Amri moja yenye makosa ingeweza kugonganisha treni na kuua watu.

Carnegie alikuwa ameziandika na kuzituma amri za Scott mara nyingi, hivyo alijua bosi wake angefanya nini. Akaandika amri kwa jina la Scott, akaanza kuzisogeza treni moja baada ya nyingine, akifuatilia kila stesheni kwa simu. Scott alipofika, kila kitu kilikuwa kinakwenda.

Bosi huyo hakumpongeza wala hakumkemea. Aliangalia kumbukumbu, akanyamaza. Lakini kuanzia hapo, kwa taratibu, Scott alipunguza kutoa amri za treni mwenyewe. Kazi ile ilihamia kwa kijana.

Tuangalie Scott alifanya nini. Kwanza, alimweka kijana karibu, akamwacha aone jinsi maamuzi yanavyofanyika. Pili, kijana alipofaulu mtihani, Scott hakumnyang'anya kazi kwa kuona wivu au kwa kuogopa kupitwa. Katika mazingira yetu hali huwa kinyume. Kijana wa duka la pembejeo akishajua bei, akawajua wateja na tofauti ya dawa za ukungu na za wadudu, bado kila asubuhi anasubiri mwenye duka aje ndipo auze. Mwaka wa tatu anachoka, anakwenda kufungua duka lake mtaa wa pili, na wateja wanamfuata.

Mwaka 1859 Scott alipandishwa cheo na Carnegie, akiwa na miaka 24 tu, akashika nafasi ya usimamizi wa reli katika eneo la Pittsburgh kwa dola 1,500 kwa mwaka. Katika kumbukumbu alizoandika uzeeni alikiri kuwa alikuwa msimamizi mbaya kwa upande mmoja: yeye hakuchoka haraka, hivyo akadhani wengine pia hawachoki. Viongozi wa aina hiyo bado tunao.

Kutafuta anayekuzidi

Carnegie aliacha kazi ya reli mwaka 1865 na kuingia katika biashara ya madaraja na chuma. Mwaka 1872 alitembelea Uingereza, akaona jinsi viwanda vya huko vilivyotumia njia ya Bessemer, ambapo hewa hupulizwa ndani ya chuma kilichoyeyushwa ili kuunguza kaboni na kupata chuma cha pua. Reli za chuma cha pua zilidumu muda mrefu zaidi kuliko zile za chuma cha kawaida. Akarudi Marekani na kuweka nguvu zake zote huko.

Kiwanda kilijengwa Braddock, kando ya mto Monongahela karibu na Pittsburgh, na reli za kwanza zilitoka mwaka 1875. Alikipa jina la Edgar Thomson, ambaye alikuwa rais wa kampuni ya reli iliyotarajiwa kuwa mteja mkubwa. Hiyo ilikuwa akili ya kibiashara.

Hata hivyo, akili kubwa zaidi ilikuwa katika uteuzi wa watu. Ramani ya kiwanda alimpa Alexander Holley, mhandisi aliyekuwa anaijua njia ya Bessemer kuliko mtu yeyote Marekani. Hesabu na uendeshaji alimpa William Shinn, mtu wa reli aliyezoea nidhamu ya takwimu. Usimamizi wa mitambo na wafanyakazi aliupata William Jones, aliyefahamika kwa cheo chake cha kijeshi cha Kapteni.

Jones alitoka katika kiwanda cha Cambria mjini Johnstown, ambako alipitwa kwenye uteuzi wa cheo cha juu. Alipohama, mafundi wengi hodari walimfuata. Carnegie alitaka kumfanya mbia, lakini Jones alikataa. Hakutaka kuumiza kichwa na mambo ya biashara, wala hakutaka wafanyakazi wamwone kama mmoja wa matajiri. Aliomba alipwe mshahara mnono badala yake, na Carnegie akampa mshahara ambao wakati ule ulilinganishwa na wa Rais wa Marekani.

Jones alikuwa na msimamo wake. Aliamini kuwa mtu anayefanya kazi mbele ya tanuri kwa muda wa saa 12 kila siku hawezi kutoa kazi nzuri, akashawishi kiwanda kitumie zamu tatu za saa nane. Utaratibu huo ulidumu Braddock kwa miaka kadhaa na uzalishaji ukapaa, hadi mwaka 1888 uongozi uliporudisha zamu za saa 12 ili kubana gharama.

Fundisho hapa ni kwamba ukimpa mtu kazi inayohitaji ujuzi, mpe pia nafasi ya kutumia ujuzi wake, na umlipe. Wapo wanaotafuta msimamizi wa shamba kwa bei ya kibarua, kisha wanashangaa mahindi yanapopaliliwa yakiwa yamefika kiunoni.

Karatasi ya gharama

Swali linalomsumbua kila anayetaka kukabidhi kazi ni hili: nitajuaje kama anafanya? Carnegie alilijibu kwa karatasi.

Wenye viwanda vya chuma wa wakati ule walichanganya hesabu zote pamoja na kusubiri mwisho wa mwaka ili kujua kama wamepata faida au hasara. Carnegie alikuwa amejifunza relini kujua gharama ya kusafirisha tani moja kwa maili moja. Akaingiza utaratibu huo kiwandani. Mizani iliwekwa katika hatua mbalimbali, na kila idara ikatakiwa kuandika imetumia makaa kiasi gani, mawe ya chuma kiasi gani, chokaa kiasi gani na ujira kiasi gani kwa kila tani iliyotoka.

Karatasi hizo zilimfuata New York, alikohamia mwaka 1867, na hata Uskochi. Alilinganisha mwezi na mwezi, tanuri na tanuri, msimamizi na msimamizi. Akiona tarakimu imepanda, anaandika barua kuuliza sababu. Bei ya chuma ilipangwa na soko, lakini gharama zilikuwa mikononi mwao, na hizo ndizo alizozifuatilia bila kuchoka.

Aidha, aliajiri mkemia Mjerumani wakati washindani wake wengi waliona hiyo ni anasa. Vipimo vikaonyesha kuwa mawe kutoka migodi yenye sifa kubwa yalikuwa na chuma kidogo kuliko ilivyoaminiwa, na baadhi ya migodi iliyodharauliwa ilikuwa na mawe bora. Mkulima anayenunua mbolea kwa kufuata jirani yake bila kupima udongo yuko katika giza lile lile.

Ndugu msomaji, usidhani karatasi ya gharama ni ya viwanda vikubwa tu. Chukua mfano wa mfugaji mwenye kuku 300 wa mayai aliyemkabidhi kijana banda lake. Kuku mmoja hula takriban gramu 120 za chakula kwa siku, hivyo banda zima hula kama kilo 36. Tuseme kuku hao wanataga mayai 240, ambayo ni trei nane za mayai 30. Maana yake kila trei imegharimu kilo nne na nusu za chakula.

Wiki inayofuata daftari linaonyesha chakula ni kile kile kilo 36, lakini mayai yameshuka hadi trei sita na nusu. Kila trei sasa imekula zaidi ya kilo tano na nusu. Hapo mfugaji ana swali la kuuliza. Je, kuna ugonjwa? Chakula kimebadilishwa? Panya wamevamia stoo? Au mayai yanatoka kupitia mlango wa nyuma? Hahitaji kushinda bandani kutwa nzima akimlinda kijana. Anahitaji mizani, daftari na dakika 10 za kusoma kila wiki.

Hisa kwa vijana

Njia ya pili ya Carnegie ilikuwa kuwafanya wasimamizi waione kampuni kuwa mali yao. Vijana waliofanya vizuri walipewa sehemu ndogo ya ubia bila kutoa fedha taslimu. Thamani ya sehemu hiyo ilikatwa kidogo kidogo kutoka kwenye gawio lao hadi deni linapokwisha. Mkataba wa mwaka 1887 uliweka sharti kuwa mbia akifariki au akiondoka, kampuni itanunua sehemu yake kwa thamani iliyo vitabuni. Carnegie mwenyewe alihakikisha anabaki na zaidi ya nusu.

Mfano maarufu ni Charles Schwab. Mwaka 1879 alikuwa karani wa duka la vyakula Braddock. Akaingia kiwandani kama kibarua wa dola moja kwa siku, akiwasaidia wapimaji wa ardhi. Kapteni Jones alimwona, akampandisha hatua kwa hatua na kumtuma kupeleka taarifa kwa Carnegie. Jones alipofariki Septemba 1889 kutokana na mlipuko wa tanuri, Schwab akiwa na miaka 27 alikabidhiwa kiwanda cha Braddock. Mwaka 1897, akiwa na miaka 35, alikuwa rais wa kampuni nzima.

Ikumbukwe kuwa Schwab hakuandaliwa na Carnegie bali na Jones. Kiongozi mzuri hukabidhi kazi kwa watu ambao nao huandaa wengine, ndiyo maana tanuri lilipomuua Jones, kiwanda hakikufa naye.

Homestead, mwaka 1892

Sasa tuje kwenye upande wa pili.

Mwaka 1883 Carnegie alinunua kiwanda cha Homestead, ng'ambo ya mto na karibu na Braddock. Mwaka 1889 alimkabidhi uenyekiti wa kampuni Henry Clay Frick, tajiri wa makaa yanayotumika kuyeyushia chuma. Frick alikuwa hodari wa kupanga kazi na kubana matumizi. Lakini alijulikana pia kwa mkono wake mgumu dhidi ya migomo kwenye mashimo yake ya makaa. Carnegie alimfahamu vizuri mtu aliyemteua.

Mkataba kati ya kampuni na chama cha wafanyakazi wa Homestead ulikuwa unaisha Juni 30, 1892. Mwaka 1886 Carnegie alikuwa ameandika makala akitetea haki ya wafanyakazi kuungana na kulaani kuwapa watu wengine kazi za waliogoma. Wafanyakazi waliyajua maandishi hayo na kuyaamini. Faraghani, hata hivyo, alimwandikia Frick kuunga mkono kiwanda kiendeshwe bila chama. Kisha akaondoka kwenda Uskochi, akakodi nyumba katika eneo la mbali, na kumwachia Frick suala zima.

Frick alijenga uzio mrefu kuzunguka kiwanda na kuwafungia wafanyakazi nje. Akakodi walinzi 300 wa kampuni ya Pinkerton. Usiku wa kuamkia Julai 6 walinzi hao waliletwa kwa matishari mawili kupitia mtoni. Wafanyakazi na familia zao walikuwa wanawasubiri ukingoni. Risasi zikalia tangu alfajiri hadi jioni walinzi waliposalimu amri. Watu wasiopungua 10 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa wafanyakazi.

Gavana wa jimbo alipeleka askari zaidi ya 8,000. Julai 23, Alexander Berkman, mtu ambaye hata hakuwa mfanyakazi wa kiwanda, aliingia ofisini kwa Frick na kumpiga risasi, lakini Frick akapona. Ilipofika Novemba mgomo ulivunjika. Mishahara ikashuka, kazi ya saa 12 kwa siku ikawa ndiyo kawaida, na vyama vya wafanyakazi vikapoteza nguvu katika viwanda vya chuma kwa miongo kadhaa.

Magazeti ya Marekani na Uingereza yalimwandama Carnegie, si Frick peke yake. Kiwanda kilikuwa chake, hisa zilikuwa zake, na maneno ya kutetea wafanyakazi yalikuwa yake. Kuwa kwake Uskochi hakukumwokoa. Katika kumbukumbu zake alieleza kuwa hakuna jambo katika maisha yake ya biashara lililomwachia kidonda kama hilo.

Je, kosa lilikuwa kukasimu? Hapana. Alikuwa amekasimu kwa miaka mingi na kufanikiwa. Kosa lilikuwa namna alivyokasimu. Kwanza, hadharani alisema hili na barua zikasema lile, hivyo msimamizi akachagua lile lililompendeza. Pili, hakuweka mpaka. Hakuna mahali alipomzuia Frick kuleta watu wenye silaha bila kushauriana naye. Tatu, alikaa mbali wakati wa suala zito ambalo lilihitaji mwenye mali awepo. Kupima mawe ya chuma unaweza kumwachia mwingine. Uhai na heshima ya watu huwezi kuviacha hivyo.

Jambo hili halipo mbali nasi. Kuna vikundi vya kukopeshana vinavyomkabidhi mjumbe mmoja kazi ya kukusanya madeni bila kumwambia anaruhusiwa kufanya nini. Anafika kwa mjane, anachukua sufuria na godoro, na pengine mabati. Kijiji hakitamkumbuka mjumbe yule kwa jina lake. Kitakikumbuka kikundi na mwenyekiti wake, ambaye siku hiyo alikuwa mnadani akiuza ng'ombe.

Kuachana na Frick

Urafiki wa Carnegie na Frick haukudumu. Mwaka 1899 waligombana juu ya bei ya makaa ambayo kampuni ya Frick ilikiuzia kiwanda. Carnegie alitaka kutumia mkataba wa mwaka 1887 kumnunua Frick kwa thamani ya vitabuni, ambayo ilikuwa chini sana ya thamani halisi. Frick akaenda mahakamani, na mwaka 1900 wakapatana nje ya mahakama kwa kuunda kampuni mpya. Urafiki wao haukurudi tena. Wote wawili walifariki mwaka mmoja, 1919.

Mkataba ulioandikwa wakati mali ni kidogo usipopitiwa upya mali inapokua, hugeuka kuwa mtego. Wabia wa mashine ya kusaga au pampu ya umwagiliaji wanaliona hilo kila siku.

Mwaka 1901 kampuni iliuzwa kwa kundi la J.P. Morgan, mwenye benki maarufu. Schwab ndiye aliyekuwa mjumbe kati yao. Baada ya mchezo wa gofu, Carnegie aliandika bei kwa penseli kwenye kipande cha karatasi: dola milioni 480. Morgan akakubali. Sehemu ya Carnegie pekee ilizidi dola milioni 225. Schwab akawa rais wa kwanza wa kampuni mpya, United States Steel.

Maktaba 2,500

Carnegie alitumia miaka yake iliyobaki kugawa utajiri huo. Alitoa takriban dola milioni 350. Alifadhili maktaba zaidi ya 2,500 katika nchi mbalimbali, na hapa pia alitumia mtu. Karani wake, James Bertram, ndiye aliyepokea maombi na kuyashughulikia. Masharti yalikuwa wazi: mji utoe kiwanja, na uahidi kila mwaka kutenga asilimia 10 ya fedha za msaada kwa ajili ya kuiendesha maktaba. Mji uliotimiza masharti ulipewa. Ambao haukutimiza ulikosa, hata ukipiga magoti.

Linganisha na Homestead. Bertram alikuwa na mpaka unaoeleweka, kipimo kimoja na bosi anayesema neno moja. Alishughulikia maelfu ya maombi bila Carnegie kulazimika kusoma kila barua.

Mwaka 1911 alianzisha shirika la Carnegie ili liendelee kugawa fedha baada yake. Katika miaka ya 2000 shirika hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyofadhili vyuo vikuu vya Afrika, vikiwamo Makerere na Dar es Salaam. Alifariki Agosti 11, 1919 huko Lenox, Massachusetts, akiwa na miaka 83.

Tunachoweza kuchukua

Mkulima au mfanyabiashara anayetaka kuanza kugawa kazi msimu huu anaweza kuzingatia yafuatayo:

1. Anza na kazi moja, na mweke mtu karibu nawe aione kabla hujamwachia. Aanze kwa kupima mazao nawe, kisha apime ukiwapo, kisha apime peke yake.

2. Eleza matokeo unayotaka na mpaka wa madaraka. Kwa mfano, msimamizi anaweza kununua dawa hadi kiasi fulani cha fedha, na zaidi ya hapo apige simu kwanza.

3. Weka daftari moja na siku moja ya kulisoma. Pima gharama kwa gunia, kwa trei au kwa lita, usiangalie fedha zilizoingia tu.

4. Mlipe anayebeba dhamana. Kama fedha haitoshi, mpe sehemu ya mavuno au faida, kwa maandishi.

5. Aliyefaulu usimnyang'anye kazi. Aliyekosea kwa kujaribu muulize sababu kabla ya kumfukuza.

6. Mambo yanayogusa uhai, haki na heshima ya watu yashughulikie mwenyewe. Ukiwa safarini, acha agizo kuwa yasubiri.

7. Kumbuka kuwa kazi unaweza kuigawa, lakini lawama itarudi mlangoni kwako.

Mwenyekiti anayeshika ufunguo wa ghala peke yake anaweza kuanza leo kwa kuchongesha wa pili na kuufungulia daftari lake: nani kaingia, saa ngapi, kachukua magunia mangapi. Baada ya mwezi mmoja atajua kama aliyempa anafaa, na siku akiugua, mazao ya wanachama yatapimwa kama kawaida.